Boma la Kasa

Juzi jirani yangu alikuwa anakata matawi ya mgunga kuziba boma lake la ng'ombe, na harufu ya utomvu mbichi ikaja mpaka barazani ikanikuta nakunywa chai. Watu wa hapa Machochwe wakinusa mgunga uliokatwa wanawaza ng'ombe. Mimi nawaza bahari. Najua hakuna mwingine katika kata hii anayeweza kusema hivyo, na sioni sababu ya kuona haya kwa kulisema.

Mnaonisoma mnanijua. Nina stashahada ya usimamizi wa wanyamapori, na nimeitundika sebuleni mahali ambapo mgeni akiketi lazima aione. Nina kambi yangu ya watalii karibu na mpaka wa hifadhi, niliyoijenga bila mjomba serikalini wala mume wa kunishika mkono. Vijana wenye shahada za chuo kikuu wanafanya kazi chini yangu na wananiita madam. Wenzangu wa rika langu, wale waliokuwa wananicheka kwa sababu sikuwa na mama wa kunisuka nywele, leo wanapita getini kuuliza kama kuna kibarua. Wanaofaa nawapa. Wengi hawafai.

Kwenye harusi na misiba huwa nasikia wakiulizana binti wa Marwa alifikaje pale alipofika. Wanajijibu wenyewe upuuzi: eti kuna mzungu alinisomesha. Hakuna mzungu. Kulikuwa na baba yangu, na kulikuwa na boma la miiba alilolijenga mahali ambapo mtu mwenye akili timamu asingejenga boma.

Mama alifariki nikiwa mdogo. Baba alikuwa anachunga ng'ombe wa kaka yake, kwa sababu wa kwake mwenyewe waliliwa na simba msimu ule ambao simba waliingia mabomani kama wameitwa. Huyo kaka yake, baba mkubwa wangu, alikuwa mtu wa sauti kubwa na mawazo madogo. Kwake yeye, msichana alikuwa ni ng'ombe ambao bado hawajafika. Mabinti zake wawili walishatoka shuleni kuolewa, na siku moja wakati wa kula alimwambia baba, mimi nikiwa nimekaa pale pale na bakuli langu, kwamba kuna watu wa kijiji cha Mbalibali wameshaanza kuniulizia. Nilikuwa bado sijajua hata kugawanya kwa kalamu.

Baba hakubishana naye. Wakati huo huko pwani mahoteli yalikuwa yanatafuta walinzi, na watu wa pwani wanaamini kwamba kila Mkurya anazaliwa na hasira na upinde. Imani hiyo ya kijinga imelisha familia nyingi za huku kwetu. Baba akapata kazi kwenye hoteli moja ya kisiwani, akaniambia nifunge nguo zangu, tukaondoka. Baba mkubwa alitusindikiza mpaka barabarani akicheka. "Mura," alimwambia baba, "huko hakuna nyasi. Utarudi."

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza nilijua jambo moja. Chumba tulichopewa nyuma ya jiko la hoteli, sare yangu ya shule, dawati langu katika shule ya kijiji cha pale, vyote vilikaa juu ya kazi ya baba. Baba akifukuzwa, mimi narudi kwa baba mkubwa, na watu wa Mbalibali wanakuja na ng'ombe wao.

Kisiwa chenyewe sikukipenda. Maji yasiyonyweka pande zote, mchanga unaoingia mpaka kwenye ugali, na wageni. Sijawahi kuwaelewa wale wageni, na hadi leo ambapo wanaingia kambini kwangu na kulipa, bado nawatazama vile vile. Kwetu, mnyama wa porini akija unapiga debe, unawasha moto, unapiga kelele, kwa sababu tembo akikaa shambani usiku mmoja huna mahindi ya mwaka. Wale walikuwa wanasafiri nusu ya dunia ili wamnong'onezee mnyama. Nyangumi akitoa mgongo mbali kule, wanashikana mikono. Pomboo akiruka, mtu mzima mwenye mvi analia. Niliwaona wamelala kifudifudi kwenye mchanga, matumbo meupe yamegeuka mekundu, wakimtazama kaa akichimba shimo lake. Kaa!

Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa kasa. Kasa alikuwa anapanda ufukweni, anachimba, anataga mayai yake, anafukia, anaondoka zake bila kugeuka nyuma, na wageni wanasimama wameshika vifua kana kwamba wako kanisani. Nilifikiri sana juu ya jambo hilo, kwa akili ya mtoto wa wafugaji. Kwetu mtu hasimami kuwatazama ng'ombe muda mrefu namna ile bila sababu. Anayetazama ng'ombe sana ni mwenye ng'ombe, au mnunuzi, au mwizi. Hawa hawakuulizia bei, na hoteli isingewalaza wezi kwenye vitanda vya vyandarua vyeupe. Basi ni wenye mali.

Nikapata ushahidi. Asubuhi moja, kasa mmoja aliyechelewa kurudi baharini alikamatwa na mtaalamu wa hoteli, kijana kutoka ng'ambo ambaye pua yake ilikuwa inabambuka ngozi mwaka mzima. Alimbana kipini cha chuma chenye alama kwenye kikono cha mbele, kama baba mkubwa alivyokuwa akiwatia ng'ombe wake alama masikioni. Nikakimbia kumwambia baba: kasa ni mifugo ya hoteli. Wanaachiwa wakalishe baharini, wakifika siku za kuzaa wanarudi zizini. Baba alikubali bila shida. Alisema yeye alishajua, maana siku anaajiriwa alioneshwa viota na kuambiwa hii ndiyo mali ya kulinda.

Ndiyo, kazi yake ilikuwa kulinda mayai. Mtu aliyewahi kumkimbiza fisi kwa rungu usiku wa manane, sasa anakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya lundo la mchanga lenye kibao. Shaame, mtu wa boti, mzaliwa wa pale, alikuwa na maneno yake kila akipita. Alimwita baba Bwana Bara. Alimuuliza kama kuku wa kwao nao wanalindwa na askari. Baba alikuwa anacheka naye. Mimi sikucheka. Shaame alikuwa mtu aliyeishi na kasa maisha yake yote na asijue kitu chochote juu yao isipokuwa nyama yao ina ladha gani, jambo aliloniambia mwenyewe kwa kunong'ona, akijilamba.

Kisha kiota kimoja kikafukuliwa. Ilikuwa kenge au mbwa wa kijijini, hakuna aliyejua, lakini baba ndiye aliyekuwa zamu. Meneja, mama mmoja kutoka Dar es Salaam aliyetembea ufukweni na viatu vya kisigino, alimsimamisha mbele ya wafanyakazi wote. Alisema kimebaki kiota kimoja tu mbele ya vyumba vya wageni, kiota ambacho wageni wameshaahidiwa, na humo asipotee mtoto wa kasa hata mmoja. Akipotea, Marwa anachukua begi lake na mtoto wake. Alininyooshea kidole aliposema hivyo.

Mtaalamu alikuwa amesafiri kwenda bara kufuatilia vibali vyake. Hakuna aliyebaki wa kumuuliza. Kwa hiyo baba alifanya kazi kama anavyoijua. Alichukua panga akaenda kwenye kichaka cha migunga nyuma ya hoteli, akakata, akaburuta matawi mpaka ufukweni, akazungushia kile kiota boma. Halikuwa la mchezo. Lilikuwa boma la kwetu kabisa, miiba ikitazama nje, matawi yamesukwa, chini ameshindilia mchanga ili kaa asipenye, na mlango, upande wa maji, ni tawi moja zito la kuvuta na kuziba. Nilimsaidia, mikono ikatoka damu, na hewa yote ikanuka mgunga. Kwa mara ya kwanza pale kisiwani nikajisikia niko mahali ninapopajua.

Mnadhani Meneja alikataa? Alifurahi. Wageni walikuja kupiga picha, wakagusa miiba kwa vidole na kusema ni kitu cha asili. Mmoja aliomba apigwe picha akiwa amekaa kwenye mlango wa boma. Watu wazima hao wote, wenye elimu, wenye vitabu vya wanyama mapajani, walilizunguka boma lile siku nyingi, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza vifaranga vikitoka vitapita wapi. Nikikumbuka hilo napata nguvu ya kuwavumilia wageni wangu wa leo.

Vifaranga vilitoka asubuhi baada ya mvua, jua likiwa bado nyuma ya mawingu. Nilikuwa navaa sare ya shule baba aliponigongea dirishani, akaniambia ndama wametoka. Nilifika nikakuta mchanga ndani ya boma unachemka. Vilikuwa vidogo kama kifuniko cha chupa ya soda, vyeusi, na vyote vinajitupa kwenye miiba ya upande mmoja, upande wa maji. Vichache vilishapenya na kuanza kuteremka. Baba alikuwa anavikimbilia, anaviokota ndani ya kofia yake ya ulinzi, anavirudisha bomani. Nami nikaweka begi chini, nikaanza kukusanya.

Msitucheke haraka. Ninyi mmewaona nyumbu wakivuka Mto Mara. Mnajua ndama anayefika kwenye maji peke yake anakuwa nini. Mamba hawahitaji hata kujificha. Mtoto wa mfugaji wa huku akiona kitu kichanga kinakimbilia maji, mkono wake unakirudisha kabla akili haijaamka. Tulikuwa tunafanya kazi nzuri, na tulijua ni nzuri. Hakikuwa kimepotea hata kimoja.

Wageni wakatoka kwenye kifungua kinywa na vikombe vyao mkononi. Walidhani ni sehemu ya maonesho, wakapiga picha. Baadaye mama mmoja akaanza kulia, kisha wengine wakanong'ona, na minong'ono ikawa kelele. Shaame alikuja kutoka kwenye boti akasimama anacheka mpaka akashika magoti.

"Bwana Bara, waache waende. Kwao baharini."

"Mtoto mchanga haachwi mtoni," baba akamjibu, akamimina kofia nyingine ya vifaranga bomani.

Mawingu yalikuwa yanapasuka. Jua lilianza kupiga mchanga, na kunguru walishakaa kwenye paa la baa wakisubiri. Vile vifaranga vilivyokuwa vimenasa miibani vilianza kulegea. Niliona na baba aliona. Ndipo Meneja akafika, viatu mkononi, akamwambia afungue mara moja, la sivyo akachukue begi lake.

Baba alisimama kwenye mlango wa boma na fimbo yake. Hakuwa amekasirika. Alisema, "Uliniambia asipotee hata mmoja. Sasa unasema niwaachie majini. Nitafungua, lakini niambie kwanza wanakwenda kwa nani."

Ninawaapia, umati mzima ule, na Meneja wao, na mwenyeji wao aliyekula kasa tangu utoto, waliropoka tu. Meneja alisema ni maumbile yao. Shaame alisema wanakwenda kwa Mungu. Mgeni mmoja alisema neno refu la Kiingereza ambalo leo nalijua maana yake, na halikuwa jibu. Baba hakuondoka mlangoni. Nilimwona Meneja akimwita kijana wa mapokezi na kunitazama mimi, na nikajua begi linalozungumziwa ni lipi. Niliwaona watu wa Mbalibali wamekaa kwa baba mkubwa wanakunywa.

Nikatazama ndani ya boma. Kwa ncha ya fimbo yake, baba alikuwa anavigeuza vifaranga vielekee kiotani, na kila alichokigeuza kiligeuka tena. Vyote, hata vile vilivyolegea, vilikuwa vimelala vichwa vikielekea upande mmoja. Niliwahi kuona hivyo. Kwetu jioni ndama wanatengwa na mama zao ili asubuhi kuwe na maziwa ya kukamua, na ukifika kwenye kizimba chao alfajiri unawakuta wote wamejibana upande mmoja, pua kwenye miti. Huna haja ya kuuliza ng'ombe wakubwa wamelala wapi.

"Tata," nilimwambia kwa Kikurya, "mama yao yuko kule."

"Umemwona?"

"Sijamwona. Watazame walivyojipanga."

Aliwatazama. Kunguru mmoja alishashuka chini. Kisha akalishika lile tawi la mlango akalivuta, miiba ikamchana mkono, akalitupa pembeni. Hakuviachia vikimbie ovyo, maana mfugaji haachii hivyo. Alitangulia mbele, fimbo begani, akipiga mluzi ule wa kuwaita ng'ombe, na kila kunguru akishuka anarusha fimbo. Mimi nilikuwa nyuma natoa vilivyonasa. Vilimfuata, au tuseme vilielekea kulekule alikokuwa anaelekea. Alipofika kwenye maji hakusimama. Aliingia na viatu, na sare, mpaka maji yakamfika kifuani, baba yangu ambaye hakujua kuogelea hata kidogo, akasimama pale mikono juu, mawimbi yakimpiga, mpaka cha mwisho kikampita.

Sasa nina stashahada, na ninajua kwamba hakukuwa na mama. Kasa akitaga anaondoka, hajui watoto wake wala hawamjui. Vinafuata mwanga wa upeo wa bahari na mteremko wa mchanga. Nimelifundisha hilo kwa vijana wengi na wameandika. Lakini siku ile maneno ya waliojua kusoma hayakumwondoa baba mlangoni, na boma lilifunguliwa kwa sababu ya kizimba cha ndama cha Machochwe.

Wageni walipiga makofi. Walipiga sana. Baba alitoka majini anatetemeka, akaokota kofia yake, akapita katikati yao bila kuwaangalia, akaenda chumbani. Nilimkuta ameshakunja sare yake ya akiba kitandani na anatafuta begi. Sikwenda shule siku hiyo. Tulikaa tukisubiri kuitwa, na mchana tukaitwa.

Meneja alikuwa anatabasamu. Juu ya meza yake kulikuwa na shuka jekundu la Kimasai, jipya, bado na mikunjo ya dukani. Alimwambia baba kwamba wageni wote wanauliza kama itafanyika tena, na kwamba viota vingine vitakuja. Boma halitakuwepo. Anachotaka ni atangulie mbele na fimbo, apige ule mluzi, aingie majini. Ila sare ya ulinzi haipendezi kwenye picha.

"Mimi si Mmasai," baba alisema.

"Wageni hawajui."

"Mimi najua."

Ninyi mnajua pia. Mnajua babu zetu waliibiana nini na babu zao, na nani alizikwa kwa ajili ya ng'ombe gani. Meneja hakujua na hakutaka kujua, alikuwa anagusa simu yake. Baba aliliangalia lile shuka, kisha akaniangalia mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na sare ya shule yenye mchanga.

"Huyu ataendelea na shule?" akauliza.

"Kwani nani amesema ataacha?" Meneja alijibu, kana kwamba hakuwahi kuninyooshea kidole.

Baba akalichukua shuka.

Alilivaa miaka yote niliyosoma. Mtaalamu aliporudi alipiga kelele sana juu ya miiba, akaeleza kila kitu kwa michoro, na baadaye akawa anasimama kando ya baba kwenye picha, pua yake inabambuka, akitajwa yeye kama mwenye mpango. Shaame alikuwa anaimba akimwona. Wageni walikwenda kwao wakasimulia habari za Mmasai anayeongoza kasa kwenda baharini, na ninao uhakika wapo wanaosimulia mpaka leo.

Siku ile ya kwanza, tukitoka ofisini, baba aliniambia neno moja tu: nyumbani nisiseme. Sikusema. Alipokuwa anakuja likizo alikuwa anawaambia ndugu zake analinda stoo, na alipostaafu akarudi Machochwe waliendelea kumwita mtu wa stoo. Mwaka jana tulimzika. Baba mkubwa, ambaye Mungu amemwachia sauti yake yote, alisimama kaburini akasema mdogo wake alilinda mali za wazungu kwa panga na hakuna mwizi aliyethubutu. Watu wakaitikia kwa kichwa. Mimi nilikaa kwenye kiti changu cha mbele, kiti nilichokinunua mwenyewe, nikawatazama wote waliokuwa wanaitikia, mmoja mmoja.

Sasa nimesema. Hakukuwa na stoo. Alilinda mayai, na alivaa shuka la watu asiowapenda, akapigiwa makofi na watu asiowaheshimu, nami nikasoma. Anayetaka kucheka acheke mpaka achoke. Akimaliza aje aniambie yeye alivaa nini kwa ajili ya binti yake.